Mama Alipoiona Tena Nyumba Yake

Mama alifunguliwa jicho la kulia Jumatano asubuhi. Muuguzi alibandua plasta polepole, akatoa pamba, akamfuta kope, kisha akamwambia, "Haya mama, fungua taratibu." Mama akafungua. Aliangalia mikono yake kwanza, akaigeuza viganja juu, akaigeuza tena, kama mtu anayekagua kitambaa dukani. Halafu akaniangalia mimi.

"Kumbe na wewe umeota mvi," akasema.

Muuguzi alicheka, na mimi nikacheka ili machozi yasipate nafasi.

Mtoto wa jicho alikuwa amemkaa miaka saba. Alianza na jicho la kulia, akahamia la kushoto, na Mama akawa anasema ni uzee tu, utapita. Watu wakimwuliza habari za wanawe, alikuwa na jibu lake: "Wote wameondoka. Nimebaki na huyu mmoja na yule wa jichoni." Huyo mmoja ni mimi. Nilirudi nyumbani ndoa yangu ilipokwisha, nikiwa na cherehani na masanduku mawili, mwaka uleule ambao yeye alianza kupapasa kuta. Aliwahi kuniambia kwamba dunia anaiona kama mtu anayetazama kupitia maji aliyooshea mchele. Vitu vipo, vinapita, lakini vimelowa weupe.

Nyumba yetu ni ya Kiswahili, moja ya chache zilizosalia mtaani kwetu Kariakoo. Ina ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na ua nyuma. Kulia kwetu limepanda ghorofa la maduka, kushoto limepanda jingine, nasi tumebaki katikati kama jino dogo. Vyumba vya upande mmoja tumewapangisha wafanyabiashara wa jirani wanaoweka mizigo humo, kwa hiyo wenyeji ni sisi wawili tu. Kwa miaka yote hiyo giza la mle ndani kila mtu alilipatia sababu yake. Mama alisema ni macho. Mimi nilisema ni maghorofa.

Tuliporudi kutoka hospitali, aliingia ukumbini akiwa amevaa miwani myeusi waliyompa. Akaivua. Nikadhani atasema alhamdulillahi. Alitembea hatua tatu, akasimama mbele ya swichi ya taa, akaitazama kwa muda mrefu sana.

"Swichi hii ilikuwa nyeupe," akasema.

Nikaitazama na mimi. Ilikuwa ya kahawia, na ukutani pembeni yake palikuwa na duara jeusi la vidole, vyangu na vyake, vya asubuhi na vya jioni, miaka saba. Naapa sikuwahi kuliona. Mama akaendelea. Akagusa kitasa cha mlango wa mbele, akanusa vidole vyake. Akainua uso kwenye panga boi, ambalo mapanga yake yalikuwa yameota manyoya ya vumbi. Akaingia chumbani kwake, akasogea dirishani, akaweka kiganja kwenye wavu wa mbu, na kiganja kikarudi na mistari myeusi ya miraba.

"Ulikuwa unaangalia nini miaka yote hii?"

"Nilikuwa nakuangalia wewe," nikamjibu.

Nilisema kwa hasira, na kabla sijafika uani nilikuwa nimeshajuta. Lakini sikurudi kuomba radhi. Mimi ni fundi wa mapazia. Kutwa nzima niko dukani nashona, na wiki haipiti sijapanda ngazi kwenye nyumba ya mtu, Upanga au Oysterbay, nikining'iniza vitambaa na kusikia wenye nyumba wakisema, "Aa, chumba kimebadilika." Kwetu sisi madirisha yalikuwa na khanga mbili kuukuu zilizofungwa kwa kamba. Kinyozi hajinyoi. Niliondoka kwenda kazini bila kuaga vizuri, na njia nzima nikawa najitetea kwa maneno ambayo hakuna aliyeyauliza.

Niliporudi jioni, nilimkuta Mama amesimama juu ya kigoda, kitambaa mkononi, anasugua ile swichi.

"Mama! Daktari kasema usiiname, usinyanyue kitu, usikae kwenye vumbi!"

"Sijainama," akasema bila kugeuka. "Nimesimama."

"Na umeme je? Maji na umeme!"

Hilo lilimshusha. Alikaa juu ya kile kigoda, akakunja kitambaa mara nne juu ya magoti. Nje wauza nguo walikuwa wanafunga mizigo, wakiitana.

Aliyetuokoa ni rafiki yake. Huyu mama ni Mhindi, wa familia ya duka la viungo mtaa wa pili kutoka kwetu, na urafiki wake na Mama ulianza wote wawili wakiwa maharusi wageni wa mtaa, kila mmoja akimwogopa mama mkwe wake. Alikuja kumpa pole, na chapati zake na bakuli la dengu chini ya kitambaa. Alitukuta tumenuna. Hakujifanya hajaona. Alimsikiliza Mama kwanza, akanisikiliza mimi, huku akimimina chai mwenyewe kama aliyeko kwake.

"Dada, wewe unataka nyumba yote leo," alimwambia Mama. "Sisi Diwali ikikaribia tunatoa vitu vyote nje, hata sufuria. Mwaka wa kwanza nilifanya yote siku moja, nikaugua wiki nzima, sikuila hata ile sikukuu. Mama mkwe akaniambia, mjinga wewe, kila siku kitu kimoja. Kile ambacho mkono unakigusa na jicho linakiruka."

"Na Ramadhani nayo imebaki wiki tatu," Mama akasema taratibu.

"Basi. Wiki tatu ni vitu ishirini na kitu."

Ndivyo tulivyokubaliana. Mama angechagua, mimi ningefanya kabla sijaenda kazini, naye angekaa kibarazani mpaka vumbi litulie. Kitu kimoja kwa siku, basi.

Siku ya kwanza nilizima umeme wa nyumba nzima, nikafuta swichi zote kwa kitambaa kilichokamuliwa, chenye tone la sabuni ya vyombo, na kwenye mikunjo nikapitisha mswaki mkuukuu. Nilitumia nusu saa. Tulipowasha umeme, zile swichi zilikaa ukutani kama meno ya mtoto. Nilishangaa jinsi nilivyofurahi. Kazini siku ile nilijikuta nazifikiria, kama mtu anayefikiria barua aliyoipata.

Siku ya pili ilikuwa vitasa na komeo la shaba la mlango wa mbele. Mama aliniamuru nikate ndimu, nichovye chumvi, nisugue. Nilidhani lile komeo ni la chuma cheusi. Ndani ya dakika chache likaanza kutoa rangi ya chai, halafu ya asali. Mama aliingia, akaliinua kwa kidole kimoja, akaliachia lianguke. Ile sauti yake nilikuwa naisikia kila siku na bado siku ile niliisikia upya.

Siku ya tatu ndiyo ya dirisha.

Ule wavu ulikuwa umepigiliwa misumari kwenye fremu ya mbao. Niling'oa misumari kumi na minane, kila mmoja ukilia, nikaubeba wavu mpaka uani nikaulaza sakafuni. Niliumwagia maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, nikasugua kwa brashi, upande huu na upande ule. Maji yaliyotoka yalikuwa meusi kama wino. Lilikuwa vumbi la ghorofa la kulia lilipokuwa linajengwa, na la ghorofa la kushoto, na moshi wa jenereta, na unga wa barabara, yote yameganda tabaka juu ya tabaka. Nikaosha mara tatu. Huku wavu unakauka, nikafuta vioo kwa maji na siki, nikavikausha kwa gazeti.

Ilikuwa yapata saa tatu asubuhi nilipoupigilia wavu tena. Nilikuwa bado nimeshika nyundo pale jua lilipopita. Kati ya yale maghorofa mawili kuna mwanya mwembamba, na kumbe jua huupita kila asubuhi kwa muda mfupi, kabla halijapotea nyuma ya ukuta wa kushoto. Miaka yote saba limekuwa likipita na kugonga dirisha letu, nasi hatukufungua. Siku ile liliingia. Lilikuja kama kitambaa kirefu cha hariri kinachotandazwa na mtu asiye na haraka. Likalala kwenye kitanda cha Mama, likapanda ukutani, likafika kwenye mlango wa chumba na kuchungulia ukumbini. Vumbi nililolitimua lilikuwa linaelea ndani yake, punje kwa punje, na kila punje ilikuwa imewashwa.

Nilimwita Mama. Nilisahau habari ya vumbi na daktari. Alikuja mlangoni na miwani yake myeusi, akaivua, akaivaa tena, akaivua. Akaingia katikati ya ile nuru, akasimama. Ungedhani ni mtu aliyezama kwenye maji matulivu mpaka kifuani. Kelele zote za mtaa zilikuwepo, kipaza sauti cha muuza dawa ya mende, mikokoteni, wapagazi wanaoomba njia, lakini ilikuwa kama zinatoka mji mwingine.

"Lilikuwa linafika mpaka pale," akasema, akionyesha mguu wa kabati. "Baba yako alikuwa anakaa pale anafunga viatu."

Tulisimama hadi lilipoondoka. Kazini nilichelewa, na nilipoulizwa sababu nilisema foleni.

Baada ya hapo siku zilikwenda kama ndoto za mchana, zile ambazo unajua umelala na hutaki kuamka. Panga boi nililivisha foronya, panga moja baada ya jingine, nikavuta, na vumbi lote likabaki ndani ya foronya badala ya kutunyeshea. Nyuma ya mlango wa chumba changu niling'oa misumari iliyobeba mifuko ambayo hatukujua ina nini. Chini ya karo la kuoshea vyombo nikakuta chupa kumi na moja tupu. Mama alikuwa anaamka na jina la mahali: "Leo kona ya mtungi." "Leo juu ya fremu za milango." Alivitaja kama anataja ndugu ambao hajawatembelea.

Siku ya juu ya kabati, nilishusha sanduku la bati. Ndani yake kulikuwa na pazia jeupe la lesi, limekunjwa na karafuu ndani yake. Nililitambua kwa upindo. Ni pazia la kwanza nililolishona maishani, nikiwa na miaka kumi na saba, najifunza.

Nilimpelekea kibarazani. Alilitandaza magotini, akalisogeza karibu na lile jicho jipya.

"Upindo umepinda," akasema.

"Nilikuwa ndiyo naanza, Mama."

"Nilijua umepinda. Ndiyo maana nililiweka juu ya kabati." Akaupapasa kwa kidole gumba. "Wewe ungeliona kila siku ungeacha ushonaji. Ulikuwa hupendi kukosea."

Miaka yote nilidhani lilipotea, na mara moja moja nilijiambia kwamba alilitupa. Nikalifua kwa mkono, nikalianika uani, na lilipokauka nikatoa zile khanga za dirishani nikalitundika hivyohivyo na upindo wake. Mama alitaka nilifumue nilishone upya. Nilikataa, na hilo ndilo jambo pekee nililomkatalia katika wiki zile tatu.

Wiki ya pili alitaka rangi. Si ya nyumba, alisema, ya fremu ya mlango wa mbele tu, na lazima aichague mwenyewe. Tulitoka Jumamosi asubuhi, yeye na miwani yake, mkono wake kwenye mkono wangu. Kwa miaka saba nilikuwa nimemtembeza Kariakoo kwa kumwambia: shimo, ngazi, mkokoteni, subiri. Siku ile alikuwa ananisimamisha yeye. Alisimama mbele ya nyanya zilizopangwa mafungu. Alisimama mbele ya magauni ya watoto. Kwenye kona ya Mtaa wa Kongo, mwanamke mmoja alikuwa amepanga mabeseni ya plastiki ya bluu, moja juu ya jingine, mnara mrefu kuliko yeye. Mama akaniachia mkono, akasogea, akalishika beseni la juu.

"Karibu mama, nikupe ngapi?"

"Sinunui, mwanangu. Naangalia rangi."

Yule mwanamke alinitazama, mimi nikatabasamu tu. Mama alinigeukia, na uso wake ulikuwa wa msichana. "Bluu," akasema. "Nilidhani wameacha kuitengeneza."

Baadaye daktari alitueleza kwamba ndivyo ilivyo, mtoto wa jicho akikomaa anaimeza bluu kabla ya rangi nyingine, na mgonjwa hajui imekwenda. Lakini pale sokoni sikuwa na maelezo. Niliona tu mama yangu amekumbatia beseni ambalo si lake, na watu wanatupita kulia na kushoto.

Duka la rangi liko upande wa Gerezani, la familia ya Kiarabu ambayo Mama ameijua tangu enzi za babu yao. Siku hizi anauza mjukuu, mtu mzima wa rika langu.

"Shikamoo mama. Mmetupotea!"

"Marahaba. Sikupotea, nilikuwa sioni. Mzee hajambo?"

"Yupo nyumbani, miguu tu inamsumbua. Macho yamekuwaje?"

"Moja limezaliwa. La pili bado." Akasogea kwenye kadi za rangi, akazipanga kwenye kaunta kama karata. "Nataka bluu."

"Ipo ya bahari, ipo ya anga, ipo—"

"Ya beseni," Mama akasema.

Alielewa, au alijifanya kuelewa. Alichanganya mbele yetu kwa kijiti, tone hili, tone lile, Mama akisema bado, bado, hapo. Tulirudi na kopo dogo la rangi ya mafuta, na jioni hiyohiyo nilipiga msasa ile fremu, nikapaka mkono wa kwanza wa rangi. Mama alikaa mbali, ng'ambo ya barabara, kwenye kiti alichokopeshwa na muuza mikoba, akinielekeza kwa mkono. Wapita njia wakawa wanampa shikamoo, naye anawaitikia bila kuondoa macho mlangoni.

Ikabaki siku mbili za Shaabani. Nilidhani tumemaliza. Nilitaka kusogeza kitanda chake tu nifagie, na nilipoinua ukingo wa kapeti la plastiki lililotandikwa zamani, niliona wekundu. Nikalivuta zaidi. Ilikuwa ile sakafu ya saruji nyekundu ya utotoni mwangu, ambayo Jumamosi sisi watoto tuliisugua kwa nta na vipande vya blanketi chini ya miguu, tukiteleza na kuangushana mpaka ing'ae. Niliporudi nyumbani nilikuta kapeti, nikaambiwa sakafu imepasuka yote. Haikuwa imepasuka yote. Ufa ulikuwa mmoja, mwembamba, kutoka mlangoni mpaka dirishani.

"Nililitandika mimi," Mama akasema. Alikuwa amesimama nyuma yangu. "Nilipoanza kutoona. Niliogopa kuteleza, lakini sikutaka mjue kwamba naogopa. Nikasema imepasuka."

Nilikaa sakafuni pale pale. Nilimwuliza kwa nini hakutuambia.

"Ningewaambia mngekuja kunihurumia wote, halafu mngeondoka. Wewe ulikuja na matatizo yako, hukunihurumia. Tukakaa vizuri."

Kisha akaweka mkono juu ya kichwa changu, kwenye zile mvi, akaniambia neno nililokuwa nalisubiri tangu ile Jumatano: "Mwanangu, ulinitunza. Nyumba ilikuwa chafu, na ulinitunza. Yote mawili ni kweli."

Tulilikunja lile kapeti tukalitoa. Nta nyekundu ya sakafu bado inauzwa, ingawa ilibidi niulize maduka manne, na muuzaji wa mwisho alilipangusa vumbi kopo zima. Niliipaka nikiwa nimepiga magoti, nikaiacha inywe, halafu nikafunga vipande vya blanketi miguuni na kuanza kuteleza, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, huku na kule, nimeshika ukuta. Rafiki yake Mama alikuwa amekuja, wakakaa wawili ukumbini kunitazama. Walicheka mpaka yule mama wa viungo akashika ubavu. Mama akasema, "Daktari hakunikataza kucheka?" Mwenzake akamjibu, "Alisema usiiname tu."

Walipohamia kibarazani na chai yao, nilifungua vipande vya blanketi nikalala chali pale chini ili mgongo upumzike. Sakafu ilikuwa baridi, baridi ile ya mtungi, inayoingia kwenye mabega kwanza. Ilikuwa alasiri, jua letu lilikwisha kupita zamani, lakini chumba hakikuwa na giza. Kilikuwa na weupe wa lesi, na wekundu chini yake, na pazia lilikuwa linapanda na kushuka. Niliwasikia wanazungumza bei za tende. Halafu nikasikia wanazungumza mambo ya zamani, ya mama wakwe zao, sauti zikienda mbali, na sikuwasikia tena.

Nilipoamka nilikuwa nimefunikwa khanga, na chini ya kichwa changu palikuwa na mto. Mama alikuwa amekaa kitandani ananitazama, bila miwani. Ina maana aliinama. Nilitaka kumgombeza.

"Lala," akasema. "Mwezi haujaandama."

Nikafumba macho.